Sura ya 6: Honda ya Bwana Shamba

Pikipiki iliyolala ghalani miaka mingi mara nyingi huuawa siku ile ile inapotolewa nje. Vijana wa nyumbani wanaisukuma hadi uani, mmoja anapanda, anapiga kiki kwa uzito wake wote ili asikie kama injini bado ina uhai. Ndani ya bloku, ringi za pistoni zimeshikana na ukuta wa silinda kwa utando wa kutu. Zikilazimishwa ghafla zinavunjika, na kipande kinachobaki kinakwaruza silinda kutoka juu hadi chini. Injini ambayo ingefunguka kwa oili kidogo na subira sasa inadai bloku, pistoni na ringi mpya. Ndiyo maana fundi mzoefu akiitwa kutazama pikipiki ya namna hii, salamu haziishi kabla hajauliza kama kuna mtu ameshaipiga kiki.

Swali hilo liliulizwa Zagayu, mbele ya ghala la bwana shamba mmoja mstaafu.

"Shikamoo babu. Vijana hawajaijaribu?"

"Marahaba. Nimewakataza. Tangu niiegeshe haijapandwa ila na kuku."

Ilikuwa Honda CG125 nyekundu, imeegemezwa ukutani nyuma ya magunia na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Tairi zimekaa chini, kiti kimepasuka, waya zimening'inia chini ya taa. Lakini kiki ilikuwepo, kabureta ilikuwepo, magneti haijafunguliwa, na kifuniko cha cheni kilikuwa mahali pake. Kwa fundi huo ni utajiri. Pikipiki iliyoegeshwa ikiwa nzima, hata kama imeoza juu juu, ni rahisi kuirudisha kuliko ile iliyokwanyuliwa kidogo kidogo na kila mwenye shida ya bolti.

Zagayu ni kata ya wilaya ya Itilima. Mzee alipokuwa kazini, huku kote kulikuwa Bariadi, mkoa wa Shinyanga; mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, na Itilima ikawa wilaya inayojitegemea. Ardhi na kazi zake ni zile zile: tambarare ndefu, ng'ombe wengi, mtama, mahindi, na pamba inayoanza kuvunwa mvua zikikatika. Bwana shamba wa pamba hakuweza kufanya kazi akiwa ofisini. Ilimpasa afike kabla funza wa vitumba hajamaliza zao la watu, aonyeshe nafasi za kupanda, asimamie upuliziaji wa dawa, na msimu ukiisha ahakikishe masalia yameng'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke mwaka. Vijiji vimetawanyika. Bila pikipiki, ratiba ile isingetimia.

Zilizozilaza pikipiki hizi ni siasa za zao lenyewe. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na mamlaka ya serikali ikashika ununuzi wa pamba. Vikarudishwa katikati ya miaka ya 1980. Kisha msimu wa 1994/95 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kila zamu iliacha mali nyuma: mizani, matela, matrekta, pikipiki. Fungu la mafuta likikatika, pikipiki iliegeshwa. Spea ikikosekana, iliegeshwa. Nyingine waliuziwa watumishi waliozizoea, nao wakaziendesha mpaka tairi la mwisho likaisha. Ukipita nyumba za wastaafu wa kilimo, afya na elimu katika Kanda ya Ziwa, utakuta bado zimo, zimefunikwa turubai, nazo zinasubiri mtu ambaye hazijui atatoka wapi.

Kabla hujanunua hata plagi, tafuta kadi. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona kazi nzuri ya mikono ikibaki mapambo ya uani kwa kukosa karatasi. Pikipiki za enzi hizo zilibeba namba zilizoanza na TZ kama ni za watu binafsi, ST kama ni za serikali, SU kama ni za shirika la umma, na DFP kama zilikuja na mradi wa wafadhili. Kibao cha zamani hakithibitishi umiliki. Kinachothibitisha ni kadi, au stakabadhi ya mnada na barua ya kukabidhiwa, pamoja na namba mbili: ile iliyogongwa kwenye shingo ya fremu karibu na usukani, na ile iliyogongwa kwenye injini, ambayo kwa Honda hii huanza na herufi CG125E. Safisha kutu taratibu kwa petroli na kitambaa, usiguse hapo kwa jiwe la kusagia, uziandike zote mbili, uzilinganishe na karatasi. Kama zinalingana, endelea na kazi, kisha uende TRA kuulizia usajili mpya. Kama hazilingani, au kama pikipiki bado ni mali ya ofisi fulani, simama hapo hapo mpaka mwenye mali apatikane.

Kazi ya kwanza ya mikono haikuwa injini. Ilikuwa udongo. Mzee alikuwa ameendesha miaka yote kwenye mbuga, ule udongo mweusi mzito ambao wakulima wa Kisukuma huutofautisha vizuri na luseni, udongo wa kichanga. Mbuga ikilowa hunata kwenye tairi, hujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ikikauka hugeuka jiwe. Chini ya madigadi ya nyuma palikuwa na tabaka lililokuwa limeshika chuma kwa miaka yote hiyo, na kila msimu wa mvua lilikuwa likinyonya unyevu wa hewani na kuutunza. Fundi aliligonga kwa mpini wa bisibisi, likaanguka vipande vipande. Nyuma yake bati lilikuwa limetoboka matundu madogo mstari mzima, hali upande wa juu rangi ya Honda iling'aa bado. Ukinunua pikipiki ya zamani huku, usiangalie tangi kwanza. Inama, ingiza mkono chini ya madigadi.

Hali ya hewa ya Simiyu ina tabia mbili zinazopingana. Kiangazi kirefu hukihifadhi chuma: kitu kilicholala Zagayu kina kutu kidogo kuliko kilicholala Tanga au Zanzibar, penye chumvi ya bahari. Lakini joto na ukavu huo huo huua mpira. Oili sili zinakauka na kupasuka, mpira unaounganisha kabureta na hedi unafanya nyufa na kuvuta hewa, bomba la petroli linavunjika mkononi. Kwa hiyo andaa bajeti ya kila kitu cha mpira, hata kinachoonekana kizima. Tairi usizijadili. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zikiwa tatu badala ya nne, tairi hiyo ilitoka kiwandani kabla ya mwaka 2000. Hata kama ina meno mazuri, mpira wake umekufa na hautashika barabara yenye mvua.

Kisha nyigu. Nyigu wa udongo hupenda tundu lolote la upana wa kidole, na pikipiki iliyoegeshwa ina matundu mengi: mdomo wa ekzosi, mdomo wa klina, mirija ya kupumulia ya injini na kabureta. Hapo Zagayu walikuwa wameziba hata kijitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi. Hilo la mwisho ndilo linalowasumbua watu baadaye. Pikipiki inawaka vizuri, inatembea kilomita moja au mbili, inazima; ukingoja kidogo inawaka tena. Watu wanafungua kabureta mara nne kutafuta uchafu ambao haupo, kumbe tangi halipumui na petroli haiwezi kushuka. Kabla ya kuilaumu kabureta, fungua kifuniko cha tangi pikipiki ikizima. Ikiwaka mara moja, umeshapata jibu.

Sasa injini. Plagi ilitolewa, fundi akamulika ndani kwa tochi ya simu, akaona kichwa cha pistoni cheusi chenye madoa ya rangi ya chungwa pembeni. Akamimina vijiko vichache vya dizeli iliyochanganywa na oili kupitia tundu la plagi, akaziba kwa kitambaa, akaondoka. Hakuna kazi ngumu katika ufundi wa vyuma kama kuondoka. Mchanganyiko ule unahitaji siku kadhaa kupenya kati ya ringi na ukuta, na kila siku unaongeza kidogo. Aliporudi hakugusa kiki. Aliiweka pikipiki juu ya stendi, akaingiza gia ya juu kabisa, akashika tairi la nyuma kwa mikono miwili na kulisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa nguvu ya mabega tu. Katika gia ya juu, gurudumu hugeuza kreki polepole na mkono unahisi kila kinachotokea ndani. Mwanzoni palikuwa na ukimya wa chuma. Baadaye kukawa na mwendo wa unene wa ukucha, kisha wa kidole, kisha injini ikazunguka duru nzima, na oili nyeusi ikaruka kupitia tundu la plagi ikalowesha shati lake. Mzee alicheka, akaita mjukuu alete maji ya kunawa.

Ingegoma, hatua iliyofuata ingekuwa kuifumua. Na hapa nieleze kwa nini injini hii hasa, katika injini zote zilizowahi kuletwa Afrika Mashariki, ndiyo inayolipa jasho la fundi wa kijijini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Honda ilikuwa ikiuza katika nchi za Asia na kwingineko pikipiki za cc 125 zenye kamshafti juu ya hedi, inayoendeshwa kwa mnyororo mwembamba. Ni muundo mzuri kwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati. Wahandisi walipokwenda kuona zinavyotumika, walikuta kitu kingine: pikipiki zimebeba mizigo ya punda, oili haibadilishwi mpaka iwe lami, cheni za nyuma zinazunguka kwenye vumbi bila kukazwa wala kupakwa mafuta. Kamshafti ya juu, ikikosa oili safi, inalika haraka. Badala ya kuwalaumu watumiaji, Honda ilibadilisha injini. Kamshafti ikashushwa chini, ikazungushwa na gia inayoshikana moja kwa moja na kreki, na valvu zikasukumwa kwa vijiti viwili virefu ambavyo mafundi huviita pushrodi. Uchafu wa oili ukapewa chombo kinachozunguka mwishoni mwa kreki na kuutupa pembeni kwa kasi ya mzunguko, bila filta ya karatasi ya kununua. Cheni ikavalishwa kifuniko kizima cha bati. Hiyo ndiyo CG125, iliyoanza kuuzwa katikati ya muongo huo. Brazil ilianza kuiunda Manaus mwaka 1976, na Pakistan bado inaitengeneza.

Kwa fundi aliyekaa chini ya mti, maana ya pushrodi ni hii: hedi inafunguka bila kugusa mnyororo wowote wa ndani. Unalegeza nati, unainua hedi, unachomoa vijiti viwili, bloku inatoka. Hakuna alama za kulinganisha kamshafti ambazo ukizikosea valvu zinagonga pistoni. Mtu mwenye spana chache, bisibisi na busara anaweza kufika kwenye ringi kabla jua halijawa kali.

Lakini faida kubwa zaidi ilikuja baadaye, na sidhani kama wahandisi wale waliitazamia. Viwanda vya China viliichukua injini hii na kuizalisha kwa mamilioni, na ndiyo iliyofika Tanzania ndani ya SanLG, Fekon na wenzao, wakati bodaboda zilipoenea kila kijiji. Ukiangalia kwenye injini hizo utaona pamegongwa 156FMI au 162FMJ. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda. Mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita. Honda ya mzee ina silinda ya milimita 56.5 na safari ya pistoni ya milimita 49.5, jumla cc 124. Kwa hiyo 156 ni damu moja nayo, na 162 ni ndugu aliyepanuliwa kufikia cc 150. Boxer na TVS ni ukoo mwingine. Hao kamshafti yao iko juu, spea zao usizichanganye na hizi.

Ndiyo sababu fundi wa Zagayu hakuagiza kitu Japan. Alipanda bodaboda hadi Bariadi mjini, akaingia duka la spea, akamwambia muuzaji, "Nipe oili sili zote za injini ya CG125, na gasketi seti." Muuzaji akamuuliza kama ni ya SanLG. Akajibu ni ya Honda yenyewe. Muuzaji akaleta maboksi yale yale. Klachi pleti, pushrodi, gasketi, kebo za klachi na breki, kabureta nzima ikibidi: vyote viko rafuni kwa sababu pikipiki za abiria zinavitafuna kila wiki.

Pana mipaka, na ni vizuri kuijua kabla ya kulipa. Spea za bei ya chini hutofautiana ubora kwenye rafu moja. Ringi ijaribu kabla ya kuifunga: iingize ndani ya silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wake kwa fila geji. Beringi izungushe kidoleni, usikilize. Na vitu vizito vya Honda ya asili, yaani kreki, gia na kesi za injini, usivibadilishe kwa vipya vya bei rahisi kwa sababu tu vinapatikana. Nimeshika gia za CG za kale zilizofanya kazi maisha ya mtu mzima zikiwa bado na kingo kali. Kama silinda imelika, ipelekwe kuchongwa kwa mashine, Mwanza au Shinyanga, na ufunge pistoni ya ovasaizi ya 25 au 50, yaani iliyozidi robo au nusu milimita. Bloku ya asili iliyochongwa vizuri ni bora kuliko bloku mpya usiyojua chuma chake.

Tangi lilichukua muda kuliko injini. Petroli iliyoachwa miaka mingi hukauka ikawa utomvu wa kahawia wenye harufu ya rangi ya mafuta, na juu ya usawa wake bati huota kutu. Tahadhari kwanza: kama pikipiki iliegeshwa kabla ya 2006, masalia yale huenda ni ya petroli yenye madini ya risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwanzo wa mwaka huo. Usiivute kwa mdomo na bomba, usiimwage karibu na kisima. Na tangi lenye tundu lisipelekwe kwa mchomeleaji mpaka lioshwe kabisa na kujazwa maji, kwa sababu hata tangi kavu huwa na mvuke wa petroli wa kutosha kulipuka usoni pa mtu.

Mijini watu wananunua dawa za kuondoa kutu. Zagayu kuna mikwaju. Ukwaju umejaa asidi, na asidi ndiyo inayomeng'enya kutu. Fundi alitia kwanza kokoto ndogo na maji ya sabuni, akatikisa mpaka magamba makubwa yakatoka, akamwaga. Kisha akajaza juisi nzito ya ukwaju iliyochujwa, akaiacha siku kadhaa, akiibadilisha ilipogeuka nyeusi. Alipoimwaga, ndani palikuwa na bati la kijivu. Akasuuza kwa maji ya magadi, yale yale ya kulainishia makande, ili asidi isibaki ikaendelea kula chuma. Akalianika tangi juani na papo hapo akalizungushia petroli yenye oili kidogo ndani, kwa maana bati tupu lenye unyevu huota kutu mpya siku hiyo hiyo.

Magadi yana kazi ya pili kwa kutu iliyogoma. Jaza tangi maji yenye magadi, kama kijiko kwa kila lita. Ning'iniza nondo ya chuma cha kawaida katikati bila kugusa tangi. Unganisha nondo na chanya ya betri ya sola ya volti 12, na tangi na hasi. Umeme hupitia majini na kuilegeza kutu ya tangi, huku nondo ikiliwa. Fanyia nje, kifuniko wazi, mbali na moto, kwa kuwa povu linalopanda ni haidrojeni. Na usitumie kijiko wala sahani ya stenlesi badala ya nondo, maana maji yatapata sumu ya kromu.

Kabureta ilikuwa fupi. Ilifunguliwa, jeti zikatolewa, zikalowekwa, vijitundu vikapulizwa na kuzibuliwa kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, kamwe si kwa sindano ya chuma, ambayo hulipanua tundu na kuharibu kipimo cha petroli milele.

Umeme wa Honda hizi za kale ni wa volti 6, na hapo ndipo warejeshaji wengi hugawanyika. Moto wa plagi hautegemei betri. Unatoka kwenye koili ndani ya magneti na kukatwa na pointi. Pointi zikiota ukungu, moto hupotea kabisa, na mtu anaweza kununua koili mbili asiguse tatizo. Kuna dirisha kwenye rota ya magneti upande wa kushoto: pitisha hapo kipande cha msasa laini, sugua mara chache, futa kwa karatasi safi yenye petroli, weka mwanya wa kati ya milimita 0.3 na 0.4. Tapeti ziwe 0.08 injini ikiwa baridi. Moto wa bluu ukaruka kwenye plagi ya mzee kwa kazi hiyo tu. Balbu za volti 6, kwa upande mwingine, zimekuwa adimu, na mwanga wake usiku ni hafifu kwa barabara yenye ng'ombe. Mafundi wengine huhamia volti 12, lakini hiyo hudai magneti, koili na CDI vibadilishwe pamoja. Maoni yangu: kama utaendesha mchana na jioni za karibu, baki na mfumo wake. Kama utasafiri usiku, badilisha vyote na usione haya. Uhai wa mpandaji unatangulia uasilia wa waya.

Breki nazo zisiachwe kwa sababu ni kavu na zinaonekana nene. Gundi inayoshika bitana la breki kwenye kiatu chake huchoka kwa miaka. Bitana linaweza kubanduka pikipiki ikiwa mwendoni na kulibana gurudumu. Nunua viatu vipya. Vumbi la vile vya zamani usilipulize kwa mdomo wala pampu, kwa sababu bitana za enzi hizo huenda zina asbesto: lowesha, futa, tupa. Klachi ikiwa imeganda, iwashe injini ipate joto kwanza, kisha uizime, ubane klachi na kusukuma pikipiki ikiwa na gia. Mara nyingi pleti huachiana zenyewe. Na oili iwe ya pikipiki. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huifanya klachi inayolala ndani ya oili iteleze.

Iliwaka. Ilikohoa moshi mweupe wa oili iliyobaki ndani ya silinda, moshi ukapungua, ikatulia kwenye sailensa ile ile ya mtutumo mpole ambayo mtu yeyote wa umri fulani Usukumani anaitambua akiwa mbali. Baada ya mwendo mfupi oili ilimwagwa yote ikiwa ya moto, ikawekwa mpya, kwa kuwa oili ya kwanza huosha uchafu wa miaka yote na haistahili kubaki.

Palibaki suala la rangi. Mjukuu alitaka tangi lipigwe rangi mpya na stika. Ubavuni mwa tangi palikuwa bado na herufi nyeupe zilizofifia za mradi na namba ya pikipiki, zilizoandikwa kwa brashi. Mimi nasimama upande wa kuziacha. Fremu na madigadi vipigwe rangi, kwani chuma tupu kitaoza. Kromu iliyobabuka inaweza kungoja. Lakini maandishi yale ni kumbukumbu ya kazi iliyofanyika katika vijiji hivi, na haina nakala nyingine. Bati lenye kumbukumbu hiyo lisuguliwe kwa nta tu. Mzee alikubali, mjukuu alipewa madigadi achague rangi yake.

Wakati wa kazi hii hautadumu. Injini ya pushrodi inapungua barabarani. Boxer na TVS zimeshika soko, na pikipiki za umeme zimeanza kuonekana mijini. Siku SanLG ya mwisho itakapoegeshwa, maboksi ya CG125 nayo yataondoka madukani Bariadi, pamoja na vijana ambao mikono yao inaijua injini hii bila kitabu. Wakati huo huo wanunuzi wa chuma chakavu wanapita vijijini na mizani, na kwao Honda na sufuria iliyotoboka vina bei moja kwa kilo. Kama kwenu kuna pikipiki ya namna hii nyuma ya magunia, mwulize mwenye jina lililo kwenye kadi angali hai, iweke kadi mahali salama, kisha mwite fundi aje atoe plagi na kumimina oili. Fanya hivyo kiangazi hiki, kabla ya mvua.